Wati ya kwanza ndiyo utakayoishi nayo: amplifaya nne za sebuleni zikilinganishwa

Ukiingia duka la vifaa vya muziki Kariakoo, au pale Luthuli Avenue jijini Nairobi, swali la kwanza utakaloulizwa ni, "Unataka wati ngapi?" Muuzaji anauliza hivyo kwa sababu wateja wengi hufika na hilo kichwani. Lakini kwa mtu anayetaka spika mbili nzuri sebuleni na amplifaya ya kuziendesha, hakuna swali linalomsaidia kidogo kuliko hilo.

Fanya hesabu nami. Spika nyingi ndogo za kuweka juu ya stendi au rafu huandikwa desibeli 88 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Maana yake ukiipa spika wati moja tu, ukaisikiliza mita moja mbele yake, inatoa sauti ya desibeli 88. Rudi nyuma ukae kwenye kochi, mita tatu hivi, spika zote mbili zikicheza: unapata desibeli 80 na ushei. Kwa sauti hiyo aliyekaa pembeni yako inabidi apaze sauti ndipo umsikie. Hiyo ni wati moja kila upande. Jioni ya kawaida, watoto wakifanya kazi za shule na jirani yuko ng'ambo ya ukuta, hufiki hata hapo.

Ndiyo maana amplifaya naipima kwanza kwenye ile wati ya mwanzo: ina mvumo? Sauti ikiwa chini, besi bado ipo? Upande wa kulia na wa kushoto uko sawa? Baada ya hapo nauliza inataka umeme gani, kisha nageuza nyuma nione ina matundu gani. Wati za juu kabisa nazitazama mwisho.

Nimechukua nne zinazouzwa mpya, zote za kundi la bei ambalo mtu mwenye mshahara anaweza kuliwekea akiba: Yamaha A-S301, Marantz PM6007, Cambridge Audio AXA35 na WiiM Amp. Zote ni amplifaya kamili, yaani boksi moja lenye sehemu ya kuchagua chanzo na kurekebisha sauti pamoja na sehemu ya kusukuma spika. Unachoongeza ni spika, waya, na kitu cha kuchezea muziki. Marantz ndiyo ghali kuliko wenzake. Kwenye jedwali, omu ni kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya umeme; optiki ni tundu la kupitisha sauti ya dijitali kwa mwanga, na koaksia ni la kuipitisha kwa waya.

| | Yamaha A-S301 | Marantz PM6007 | Cambridge AXA35 | WiiM Amp |
|---|---|---|---|---|
| Wati kila upande (omu 8) | 60 | 45 | 35 | 60 |
| Uzito | kilo 9 | kilo 7.8 | kilo 5.6 | chini ya kilo 2 |
| Tundu la santuri | lipo | lipo | lipo | halipo |
| Matundu ya dijitali | optiki, koaksia | optiki mbili, koaksia | hakuna | optiki, HDMI, USB |
| Bluetooth na Wi-Fi | hakuna | hakuna | hakuna | zote mbili |
| Tundu la sabufa | lipo | lipo | halipo | lipo |
| Hedfoni | lipo | lipo | lipo | halipo |

Angalia mstari wa wati. Kutoka 35 za Cambridge hadi 60 za Yamaha inaonekana ni karibu mara mbili. Kwa sikio, tofauti hiyo ni desibeli mbili na kidogo, kwa kuwa ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli tatu tu, na ili sauti isikike kama imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo ukiona mtu ametupa nje amplifaya nzuri ya wati 45 ili apate ya 60, jua amelipia desibeli moja na robo.

Na zile "wati 10,000 PMPO" zilizobandikwa kwenye maboksi ya sabufa ziweke kando kabisa. Hazina kipimo kinachokubalika popote. Amplifaya ndogo za Kichina nazo zichunguze kwa njia rahisi: soma adapta yake. Adapta ya volti 48 na ampea 5 inatoa wati 240 basi. Boksi linalodai kutoa wati 300 kila upande kutoka kwenye adapta hiyo haliwezi kuzitoa kwa muda wa kusikilizika, maana spika haziwezi kupokea umeme ambao haujaingia ndani. Baadhi ya amplifaya hizo ni nzuri sana kwa bei yake. Namba zake tu ndizo zinazokuzwa.

Umeme wetu kwanza

Hapa ndipo ulinganisho wa magazeti ya Ulaya hautufai sana, kwa sababu wao umeme hauwasumbui.

Yamaha, Marantz na Cambridge zimejengwa kwa njia ya zamani: transfoma kubwa ndani, kapasita mbili nene, na transista zilizofungwa kwenye bamba la kupozea joto. Ndiyo maana ni nzito. Transfoma ya namna hii inafuata umeme unaoingia. Ukutani ukishuka kutoka volti 240 hadi 190, kama inavyotokea mitaa mingi saa moja usiku watu wote wakiwasha majiko na pasi, volti za ndani nazo zinashuka kwa kiwango kilekile, na nguvu inashuka zaidi: wati 60 zinabaki 38 hivi. Amplifaya haiharibiki na kwenye wati ya kwanza hutasikia chochote. Ila ukipandisha sauti, itaanza kukoroma mapema kuliko mchana.

WiiM ina aina nyingine ya kuchukua umeme, ile ya kompyuta na chaja za simu, inayokubali kuanzia volti 100 hadi 240. Umeme ukicheza chini au juu ndani ya mpaka huo, yenyewe inajirekebisha na spika hazijui. Pia ni ya daraja D, maana yake transista zake zinafanya kazi ya kuwaka na kuzima kwa kasi kubwa mno badala ya kubaki zimewaka nusunusu. Ikicheza kwa nguvu, karibu asilimia 90 ya umeme inaoutumia inaupeleka kwenye spika. Zile tatu, ambazo ni za daraja AB, zinapoteza sehemu kubwa kwenye joto hasa zikicheza kwa sauti ya chini. Kwa anayeendesha nyumba kwa sola na betri, hapo kuna sababu kamili ya kuchagua. Kuna na jambo la inveta: zile za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme, na transfoma kubwa ikilishwa wimbi hilo la ngazi-ngazi inavuma, wakati mwingine boksi lenyewe linasikika likinguruma hata muziki umezimwa.

Kwa zote nne, weka gadi ya umeme, ile inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme kupita baada ya kukatika. Adui mkubwa wa vifaa vyetu ni ile dakika umeme unaporudi.

Unapoagiza nje, soma kibandiko cha nyuma kabla hujalipa. Dubai na Muscat wanatumia umeme wa karibu volti zetu, hezi 50 (idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde), na plagi ileile ya pini tatu pana, kwa hiyo cha huko kinachomekwa tu. Uingereza vivyo hivyo. Amplifaya ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Hata ukiitafutia transfoma ya kupunguza volti, hezi hazibadiliki, na transfoma iliyotengenezewa hezi 60 pekee inapata moto na kuvuma kwenye hezi 50. Ya Japani ni volti 100, lakini kwa kuwa nchi hiyo yenyewe imegawanyika, upande wa Tokyo hezi 50 na upande wa Osaka 60, vifaa vyao kwa kawaida vimeandikwa 50/60. Hiyo inakubali transfoma ya kupunguza bila tatizo. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti nyuma. Ihakikishe iko wapi kabla ya kuchomeka, siyo baada.

Yamaha A-S301

Kilichonivuta kwenye Yamaha hii ni kitufe kimoja cha kuzungusha upande wa mbele, kilichoandikwa Loudness. Amplifaya nyingi zina kitufe cha kubonyeza chenye jina hilo, kinachoongeza besi kwa kiasi kimoja iwe sauti iko chini au juu. Cha Yamaha kinazunguka taratibu, na kina maana yake.

Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell, Marekani, walichapisha vipimo vya jinsi sikio la binadamu linavyosikia. Waliona kwamba sauti ikipungua, sikio linapoteza besi haraka kuliko linavyopoteza sauti za kati. Ndiyo maana gitaa la besi la rumba linalojaza chumba mchana linatoweka usiku ukipunguza sauti, ukabaki na muimbaji na kengele. Hujafanya kosa lolote wala spika haijaharibika. Masikio ndivyo yalivyo.

Kitufe cha Yamaha kinatumika hivi: kiweke mwanzoni kabisa, palipoandikwa Flat. Pandisha sauti kwa kitufe kikubwa hadi kiwango cha juu unachopenda kusikiliza. Kisha usiguse tena kitufe kikubwa. Zungusha kile cha Loudness, na sauti itashuka, lakini itashuka zaidi katikati kuliko kwenye besi. Unafika sauti ya kunong'ona na bado unafuata mpigaji besi noti kwa noti. Kwa anayeishi nyumba ya kupanga yenye kuta za tofali moja, kitufe hiki kina thamani kuliko wati 100 za ziada.

Mengine: ina tundu la santuri, tundu la optiki kwa ajili ya televisheni, tundu la sabufa, rimoti, na vitufe vya besi na sauti za juu vya kushika kwa mkono. Haina Bluetooth, kwa hiyo simu itahitaji kipokezi cha pembeni cha bei ndogo. Ni boksi kubwa, na kwenye kabati la televisheni la kawaida linaweza lisiingie. Pima kina cha kabati, na kumbuka waya za nyuma nazo zinataka sentimita kadhaa. Yamaha wana pia A-S501, ndugu yake mwenye wati 85. Kwa hesabu tuliyofanya hapo juu, sioni sababu ya kuongeza fedha isipokuwa spika zako ni ngumu kweli.

Marantz PM6007

Iliingia sokoni mwaka 2020. Ukiiweka karibu na Yamaha, ikicheza taarab au kwaya, Marantz inaleta sauti ya mwimbaji mbele kidogo na kuilainisha. Filimbi na fidla hazichomi. Hiyo ni hukumu ya masikio yangu, na mwingine anaweza kuona Yamaha ndiyo iliyo nyoofu zaidi na Marantz inapendezesha. Wote wawili watakuwa wanasema kweli kuhusu walichosikia.

Ndani yake kuna sehemu nzuri ya kugeuza dijitali kuwa sauti, na matundu mawili ya optiki: moja la televisheni, jingine la king'amuzi au kicheza CD. Ina wati 45 kwenye spika za omu 8 na 60 kwenye za omu 4. Kwa sebule ya mita nne kwa tano zinatosha na kubaki.

Shida yake ni bei, ingawa ni nyepesi kuliko Yamaha. Kilo 7.8 kutoka Dubai au London kwa ndege zinalipiwa kwa kilo, halafu ushuru, halafu VAT ya asilimia 16 Kenya au 18 Tanzania Bara. Mwisho wa safari, tofauti kati yake na Yamaha inaweza kununua spika bora zaidi. Na kama fedha ni moja na lazima igawanywe, spika ndizo zinazobadilisha muziki kuliko amplifaya. Ningenunua Marantz kama tayari nina spika ninazozipenda lakini zinachoma kidogo juu.

Cambridge Audio AXA35

Hii ni ya mtu mwenye vitu vya kizamani na fedha kidogo. Wati 35, tundu la santuri, matundu manne hivi ya kawaida ya nyekundu na nyeupe, tundu dogo mbele la kuchomeka simu kwa waya, na hedfoni. Haina tundu lolote la dijitali. Televisheni nyingi za sasa hazina tundu la sauti isipokuwa optiki na HDMI, kwa hiyo ukiitaka icheze na televisheni utanunua kigeuzi cha pembeni. Besi na sauti za juu unazirekebisha kupitia kioo kidogo cha mbele, havina vitufe vyake. Sauti yake ni safi na imetulia kuliko bei inavyoashiria. Haina mengi zaidi ya kusema, na kwa chumba cha kulala au ofisi ndogo ingekuwa chaguo langu.

WiiM Amp

Ilitoka mwaka 2023 kwa dola 299, na imewatikisa wakongwe. Boksi dogo la alumini, linaloingia mahali popote, lenye Wi-Fi, Bluetooth, HDMI ya kuunganisha televisheni, optiki, na tundu la USB ambalo unachomeka flashi yenye nyimbo zako na kuziona kwenye simu zimepangwa kwa majina. Hilo la flashi lisidharauliwe. Familia nyingi zina muziki wao wote kwenye flashi na kadi za kumbukumbu, na kati ya hizi nne ni hii tu inayozisoma.

Kuna kusawazisha sauti kwa programu: chumba chako kikiwa na kona inayovimbisha besi, unaweza kuipunguza hapohapo kwa kiasi unachotaka, na hata simu inaweza kupima chumba na kupendekeza marekebisho. Zile tatu zina marekebisho ya besi na sauti za juu basi. Kwenye sauti ya chini haina tatizo la upande mmoja kusikika kuliko mwingine, kama inavyotokea kwa vitufe vya kuzungusha vilivyochoka, maana sauti inapunguzwa kidijitali.

Hesabu ya bando ifanye mapema. Kusikiliza mtandaoni kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde kunakula megabaiti 144 kwa saa. Ukienda kwenye ubora wa CD usiobanwa, ni zaidi ya megabaiti 630; ule uliobanwa bila kupoteza kitu ni nusu yake hivi. Mwenye intaneti ya waya nyumbani hatajali. Anayeishi kwa bando la simu atapenda flashi.

Inakokosa: hakuna tundu la santuri, hakuna hedfoni, na kila kitu kizuri ndani yake kinategemea programu ya simu ambayo kampuni lazima iendelee kuitunza. Mzee wa nyumba anayetaka kuwasha redio na kuongeza sauti kwa mkono atapata kitufe kimoja na rimoti, na mengine yote yako kwenye simu ya mtu mwingine. Pia, ikiharibika, fundi wa mtaani hana cha kushika. Yamaha ikiungua transista, fundi anabadilisha transista. WiiM ikiungua, unabadilisha bodi nzima au boksi.

Kwa nani ipi

Kama muziki wako unatoka kwenye simu, flashi na televisheni, na umeme wa mtaani kwako unacheza, nunua WiiM Amp na fedha iliyobaki iweke kwenye spika. Nasema hivi ingawa napenda maboksi mazito yenye vitufe.

Kama una santuri au CD, unasikiliza usiku kwa sauti ya chini, na unataka kitu ambacho fundi ataweza kukifungua miaka kumi ijayo, Yamaha A-S301. Hii ndiyo ningeweka sebuleni kwangu kati ya hizi nne, na sababu kubwa ni kile kitufe. Tundu lake la santuri, kama la Marantz na Cambridge, ni la sindano za aina ya MM (zenye sumaku inayocheza), ambazo ndizo zinazokuja na vicheza santuri vingi. Kama kabatini kuna santuri za zamani sana za mizunguko 78 kwa dakika, za enzi Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, hizo zinahitaji sindano pana zaidi; ya kawaida itaparuza chini ya mfereji na kukupa kelele tupu.

Kabla ya kuamua, geuza spika zako usome nyuma. KEF LS50 Meta ni spika nzuri mno, lakini imeandikwa desibeli 85. Klipsch R-51M imeandikwa 93. Tofauti ya desibeli nane maana yake sauti ambayo Klipsch inaitoa kwa wati 10, KEF inaitaka wati 63. Mwenye Klipsch anatoshelezwa na Cambridge na kubaki. Mwenye KEF anayependa sauti kubwa aanzie Yamaha A-S501 kwenda juu. Angalia na omu: spika ya omu 4 inavuta umeme mwingi zaidi kutoka kwa amplifaya, na kuunganisha jozi mbili za spika kwa pamoja kunapunguza omu nusu. Watu wengi wameunguza amplifaya nzuri kwa kuongeza spika za barazani bila kufanya hesabu hiyo.

Waya za spika zisikusumbue. Waya laini wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kutoka duka la vifaa vya umeme unatosha kwa sebule yoyote. Hakikisha tu hakuna uzi hata mmoja wa shaba uliochomoza kugusa tundu la jirani. Uzi mmoja mwembamba unatosha kuunganisha upande mmoja na mwingine na kuua amplifaya kwa sekunde. Wanaoishi karibu na bahari, Tanga, Lamu, Unguja, wafungue na kusugua ncha za waya mara kwa mara, maana chumvi ya hewani inazigeuza kijani na sauti inaanza kukatika. Na kile kitambaa cha kufuma kinachopamba juu ya redio kiende kwenye meza. Matundu ya juu ya amplifaya ndiyo pua yake. Acha angalau sentimita kumi wazi, hasa kwa zile tatu zinazotoa joto.

Ukiamua ya mtumba

Kuna hoja nzito ya kununua ya zamani. NAD 3020 ya mwaka 1978 iliandikwa wati 20 tu, na bado imeendesha spika za watu kwa zaidi ya miaka arobaini. Ndani yake kuna saketi inayolainisha sauti inapofika mwisho wa nguvu badala ya kuikata ghafla, ndiyo maana wati 20 zake zilionekana nyingi. Yamaha, Pioneer, Technics na Sansui za miaka ya 1970 na 1980 bado zinaingia na makontena ya vitu vilivyotumika, na nyingine zimetulia majumbani mwa wazee hapahapa.

Kinachozeeka ni kapasita: zinakauka, na mvumo unaingia. Vitufe vya sauti vinakwaruza kwa vumbi, hilo dawa ya kupulizia ya fundi inalimaliza. Kinachoogopesha zaidi ni zile zilizotumia STK, bamba moja lenye transista zote ndani. Sanyo waliokuwa wakizitengeneza hawazitengenezi tena, na soko limejaa za bandia zinazoungua mara ya kwanza unapopandisha sauti. Muulize fundi, kabla hujalipa, kama ndani ni STK au transista zilizosimama peke yake. Zikiwa transista, amplifaya hiyo itatengenezeka kwa miaka mingi.

Dukani, iwashe bila kuunganisha spika yoyote na iache ipate moto kwa dakika ishirini hivi. Chukua maltimita, iweke kwenye volti za mkondo mmoja wa DC, kisha gusa tundu jekundu na jeusi la spika upande mmoja, halafu upande wa pili, muziki ukiwa umezimwa. Inatakiwa uone milivolti chache. Chini ya 50 haina neno. Ikivuka 100, huenda kuna kitu kinachochoka ndani, na umeme huo ungekuwa unapita kwenye koili za spika zako muda wote. Zima, na muulize muuzaji kama ana nyingine.